Wazee wa Kabati

Kila alipoamshwa, Bi. Arafa Kingalu aliuliza habari za uji kabla ya habari za Katiba.

"Shikamoo, dada," alisema asubuhi hiyo pia, sura yake ikijitokeza taratibu kwenye kioo kirefu kama mlango. "Samahani kwa usumbufu. Nimemwacha mwanangu kwa jirani, kagoma kula uji. Hujasikia kama ameshakula?"

"Marahaba," akajibu Mize. "Ameshakula. Kamaliza bakuli zima."

"Alhamdulillahi. Mtoto yule mbishi, acha tu. Na hii kofia mnanivua lini? Mwili wote umekufa ganzi."

"Bado kidogo, Bi. Arafa. Maswali machache ya kuhakiki, halafu basi."

Mize akaandika daftarini: sura salama, sauti salama, kumbukumbu salama. Akabonyeza kitufe, na mama yake akazimika.

Naam, mama yake, tusifichane. Bi. Arafa alifariki kwa homa miaka thelathini na minane iliyopita, Mize akiwa na miaka tisa. Aliyekuwa kwenye kioo ni nakala yake. Alasiri ile waasisi tisa walipotia sahihi Katiba ya Ugenini, makao mapya waliyokuwa wakiyaendea, wakiwa bado ndani ya meli, kila mmoja alivishwa kofia ya nyuzi nyembamba elfu sita, na kwa dakika arobaini kila kilichokuwamo kichwani mwake kikanakiliwa, hadi wasiwasi wa uji. Wazo lilikuwa zuri, kama yalivyo mawazo mengi yanayokuja kuleta balaa. Katiba ina maneno machache na watu wana ugomvi mwingi. Basi wajukuu wakigombana wasibahatishe, wawaulize wenyewe walikusudia nini. Na ili kusudio hilo lisichafuliwe na mambo ya baadaye, nakala ikiamshwa huamka alasiri ile ile, ikidhani kofia ndiyo kwanza imevikwa, na ikizimwa husahau yote iliyoulizwa. Sheria iliwaita Mashahidi wa Kusudio. Watu waliwaita wazee wa kabati.

Kazi ya Mize ilikuwa kuutunza uongo huo. Chumba kilipakwa rangi nyeupe ya maziwa kama vyumba vya meli. Ukutani ilining'inia kalenda ya kuchana, ikiwa imesimama tarehe kumi na nne miaka arobaini na mmoja sasa. Yeyote aliyeingia mbele ya kioo alivaa ovaroli ya kijivu ya melini. Mize alikuwa amekula kiapo kutomwambia mzee yeyote jambo lolote lililotokea baada ya sahihi. Kamati ilisita kumpa kazi hiyo binti wa mwasisi, lakini hakuna mwingine aliyeitaka, tena wakasema mama aliyeacha mtoto wa miaka sita hataweza kumtambua mwanamke wa ishirini na mitano.

Walisema kweli. Miaka ya mwanzo Mize ndiye aliyetoa shikamoo, na mama akaitikia kama anavyomwitikia karani yeyote. Kisha Mize akafika miaka thelathini na mitatu, umri wa mama kwenye kioo, na kwa muda wakawa wanasalimiana "habari yako" kama watu wa rika moja. Mvi zikaanza kuingia. Asubuhi moja Bi. Arafa akamtazama, akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Shikamoo, dada." Mize akaitikia, kwa sababu kazi ni kazi. Jioni hiyo alilia hadi kwikwi ikamshika.

Utotoni walimwita Chiriku, kwa kuongea bila kituo. Miaka ishirini na miwili ya chumba kile ilimfanya mtu wa maneno manne kwa siku.

*

Siku ya pili yake Mahakama Kuu ilikuwa ije kumwuliza Bi. Arafa swali moja, na jibu lake ndilo lingeamua kama baba yake Mize ataishi.

Alipotoka kazini mchana, Mize alikwenda kumwona. Ukumbi wa vitanda vya baridi uko jimbo la Baridi, chini ya tanuru la umeme, na mgeni huruhusiwa robo saa. Alipita safu baada ya safu za vioo vyenye ukungu hadi kitanda mia mbili na kumi na mbili, akaufuta ukungu kwa kiganja. Shomari alikuwa amelala chali, ndevu zake changa vile vile, miaka thelathini na mmoja. Taa ya kitanda, ambayo maisha yake yote Mize aliijua kwa ukijani wake, ilikuwa na rangi ya manjano.

"Miezi kumi na minane," fundi wa zamu akamwambia kwa upole. "Tukijitahidi sana. Vitanda vyote vimechoka, mama. Havikutengenezwa kwa ajili ya miaka yote hii."

Vilitengenezwa kwa miaka minne. Chakula cha meli kilitosha watu mia sita tu kukaa macho, na watu mia tisa wakakubali kulazwa usingizi mrefu wa baridi. Watoto wa chini ya miaka kumi hawakuweza kulazwa, hivyo kila mtoto alibaki na mzazi mmoja. Shomari ndiye aliyesema Arafa abaki, kwa kuwa yeye ana elimu ya mambo ya serikali na watu watamhitaji. Fundi bomba hata akilala hakiharibiki kitu. Akambusu binti yake wa miaka mitatu, akamwambia, "Tutaonana asubuhi, Chiriku."

Asubuhi haikufika. Katiba iligawa viti vya Baraza kwa hesabu ya watu wa kila jimbo, na jimbo la Baridi, lililotunza vitanda, likaruhusiwa kumhesabu kila aliyelala kuwa nusu ya mtu. Hawapigi kura, hawasemi, hawali, lakini wanaongeza viti. Jimbo hilo hilo likapewa mamlaka ya kuamua lini waamshwe. Mwaka wa kwanza wakasema chakula hakitoshi. Mwaka wa pili wakasema hakuna vyumba. Baadaye hata visingizio wakaacha kuvitoa, na watu wakazoea, kwa sababu binadamu huzoea chochote ambacho hakimlalii yeye mgongoni.

Sasa ndugu za waliolala walikuwa wamefungua kesi: je, waasisi walikusudia mamlaka yale yawe ya milele, au ya muda tu wa kutua na kujipanga? Waasisi saba walikuwa wameulizwa tayari, na wote walijibu kwamba jambo lile lilimalizwa faragha kati ya mjumbe wa Baridi na katibu wa kikao. Nakala ya mjumbe huyo ilikuwa imeoza zamani, haiamki tena. Katibu alikuwa Bi. Arafa.

Mize alirudi chumbani kwake kazini, akafunga mlango, akafungua droo. Humo kulikuwa na chombo ambacho mafundi wanakiita makasi. Kumbukumbu za nakala huweza kuoza kidogo kidogo, na kipande kilichooza kisipokatwa huambukiza vingine. Mtunzaji hukitafuta, hukiwekea alama, hukikata. Aliwasha makasi, na alasiri ya mama yake ikatandazika mbele yake ukili kwa ukili kama mkeka. Haikumchukua muda kukipata alichokitaka. Dakika tisa. Mlango unafunguliwa, mjumbe wa Baridi anaingia, mlango unafungwa.

Zikikatwa dakika zile, kesho mama angesema hakumbuki. Na desturi ya Mahakama inajulikana: kusudio likipotea, kifungu husomwa kwa upande wa uhai. Watu mia tisa wangeamshwa. Hakuna ambaye angejua, maana miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kulikagua daftari la Mize.

Akaweka alama mwanzo wa dakika zile, akaweka alama mwisho. Kilichobaki ni kubonyeza mara moja tu.

Alikaa hapo kidole kikiwa hewani hadi mkono ukamuuma. Alimwona baba kwenye kioo chake cha ukungu, akamwona mama akiuliza uji. Watu wale walihesabiwa nusu kwa sababu kuwahesabu wazima kulimletea mtu usumbufu, na sasa yeye alitaka kumfanya mama yake pungufu kwa sababu iyo hiyo. Alijichukia kwa kulifikiria, kisha akajichukia kwa kusitasita, kwa maana baba ni baba, na yu hai.

Hakubonyeza. Lakini alama hakuzifuta.

*

Walikuja saa tatu asubuhi. Jaji Mbithe alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, ambaye hata akitoa hukumu nzito alisikika kama anaagiza chai. Upande wa Baridi ulikuja na Wakili Rweyongeza, kijana mtanashati. Hakuwa mtu mbaya, na hili ni vizuri lisemwe mapema. Kwa heshima ya kukutana na mwasisi alikuwa amejishonea ovaroli mpya ya kijivu, imenyooshwa hadi mikunjo inakata.

Mize alisimama pembeni ya kioo, makasi yakiwa mfukoni, alama zikiwa bado zimewekwa. Alibakiwa na sekunde tatu za kuwasha mtambo. Aliyatoa makasi, akafuta alama zote mbili, akayarudisha mfukoni. Kisha akamwasha mama yake akiwa mzima.

"Shikamoo, dada. Samahani kwa usumbufu. Nimemwacha mwanangu kwa jirani..."

"Marahaba. Ameshakula, Bi. Arafa. Kamaliza bakuli zima."

Salamu zikapita. Rweyongeza akasogea mbele, akauliza swali lake kwa heshima zote: kifungu cha 'wakazi wengine', yaani waliolala, na mamlaka ya jimbo la Baridi ya kuamua siku ya kuamsha, je, kilikusudiwa kuwa na kikomo?

Bi. Arafa alikuwa na tabia ya kukuna nyusi akiwaza, ila mikono aliyodhani ina ganzi haikuinuka.

"Hapana," akasema. "Hatukuweka kikomo. Nilitaka miaka miwili. Mjumbe wao akasema ikiwekwa miaka miwili hawatii sahihi, na bila sahihi yao hatuna tanuru, na bila tanuru tutatua gizani tufe. Nikakubali. Tulikusudia Baridi waamue wenyewe, siku yoyote, au wasiamue kabisa. Huo ndio ukweli wake."

"Ahsante sana," akasema Rweyongeza, na sauti yake ilikuwa na masikitiko kidogo.

Mize aliangalia sakafu. Kila kitu kilikuwa kimesikika na kimeandikwa. Baba yake alikuwa amepewa miezi kumi na minane kwa kinywa cha mkewe mwenyewe, naye Mize ndiye aliyewasha mtambo. Alijikaza. Bila kujijua akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine, akasimama hivyo kama alivyosimama utotoni kila alipozuia kulia.

"Ngojeni," akasema Bi. Arafa. "Wewe kijana. Ovaroli hiyo umeitoa wapi?"

"Ni ya meli, Bi. Arafa."

"Melini hakuna mtu mwenye kiwiko kisicho na kiraka. Tumevaa hizi miaka mitatu. Na swali lako... wino haujakauka, tayari mnaniuliza tulikusudia nini? Mngetoka nje mkamwuliza mjumbe wa Baridi." Macho yake yakahama kutoka kwa wakili, yakapita kwa jaji, yakatua kwa karani mwenye mvi aliyesimama kwa mguu mmoja. Yakakaa pale muda mrefu. Kisha akaita, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aliyeko chumba cha pili:

"Chiriku!"

"Labeka, mama," akaitika Mize.

Lilitoka lenyewe. Kuna mambo mtu hufunzwa kabla hajajua kuwa anafunzwa, na mtoto wa kike aliyelelewa na Bi. Arafa akiitwa, huitika. Miaka arobaini na mmoja, kiapo, kamati, vyote havikuwa na nguvu mbele ya neno lile moja.

"Napinga!" Rweyongeza akapaza sauti. "Mheshimiwa, shahidi ameshachafuliwa!"

"Ni kweli," akasema Jaji Mbithe. "Aliyoyasema kabla ya kuita yatabaki. Atakayoyasema kuanzia sasa si ushahidi na hayataandikwa." Akavuta kiti, akaketi. "Lakini sheria hainilazimishi kuziba masikio."

Bi. Arafa hakuwasikiliza. "Una miaka mingapi?"

"Arobaini na saba."

"Yaa Rabbi. Na mimi nimekuamkia shikamoo."

"Mara nyingi, mama. Nisamehe. Ilibidi niitikie."

"Haya, niamkie wewe."

Mize akasogea hadi pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Marahaba." Alilisema kama anarudisha shikamoo zote zilizokwenda njia isiyo yake. Kisha akatulia, kwa kuwa alikuwa mwanamke mwerevu na hesabu imeshamjia. "Nimekufa."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa na miaka tisa."

"Na baba yako?"

Jaji Mbithe ndiye aliyejibu: "Amelala, Bi. Arafa. Wote mia tisa wamelala. Kwa sababu ya mliyoyaandika, na kwa sababu yetu sisi."

Mwanamke wa kwenye kioo alilia, na hakuwa na mkono wa kujifutia. Mize aliweka kiganja juu ya kioo, mahali penye shavu, akakiacha hapo.

"Mimi nilijua," Bi. Arafa akasema hatimaye. "Hilo ndilo baya. Nyumbani nimefundisha Katiba ya Marekani miaka kumi na mmoja. Niliwaeleza wanafunzi wangu wale watu hamsini na watano wa Philadelphia, jinsi walivyofunga madirisha kwenye joto kali ili mtu asiwasikie. Walijua mtu haaminiki, hata aliye mwema, wakagawa madaraka: huyu atunge, huyu atekeleze, huyu ahukumu, kila mmoja amshike mwenzake shati. Kazi ya akili kubwa. Halafu humo humo wakakubaliana mtumwa ahesabiwe tatu kwa tano ya mtu, ili majimbo ya kusini yaingie. Na neno lenyewe, mtumwa, hawakuliandika. Wakaandika 'watu wengine.' Nilikuwa nawaambia wanafunzi, tazameni, aibu ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ndiyo maana waliificha." Akavuta pumzi. "Na mimi nikaandika 'wakazi wengine.' Wao tatu kwa tano, sisi nusu. Hata kwenye kuiga tulipunja."

"Mngekufa bila tanuru," akasema Rweyongeza kwa sauti ndogo. Hakuna aliyemtuma kusema. Sijui alikuwa anamtetea nani.

"Labda. Wewe unaitwa nani?"

"Rweyongeza."

"Wa tanuru, mjumbe wa Baridi? Ni nani wako?"

"Babu yangu. Nimepewa jina lake."

"Alilia akitia sahihi. Aliniambia, 'Mwalimu, nina watu wangu wanaoogopa.' Hilo nalo halikuandikwa." Akamgeukia jaji. "Niambieni. Kifungu cha kumi na moja, cha marekebisho, mmekitumia mara ngapi?"

"Hata mara moja," akasema Jaji Mbithe.

"Miaka arobaini?"

"Na mmoja. Kila likitokea jambo, tunakuja kuwauliza ninyi."

"Kumbe!" Kwa mara ya kwanza alikasirika, na Mize alikumbuka hasira ile, ilivyokuwa inaanzia puani. "Wale Wamarekani, pamoja na dhambi zao, waliacha mlango. Wakasema sisi tumekosea mahali, hatujui wapi, mtakaokuja mrekebishe. Ile tatu kwa tano ilikaa miaka themanini, na vita vya miaka minne vikapita ndani yake, kwa sababu kila mtu alikuwa anauliza wazee walitaka nini badala ya kuutazama mlango. Mimi nikasema wetu uwe mwepesi. Majina mia tano, kisha majimbo matano kati ya saba. Hamhitaji ruhusa yangu. Mnamwuliza maiti kuhusu watu walio hai?"

*

Hukumu ilisomwa hapo hapo, na haikuwa ndefu. Kusudio limejulikana, mamlaka ni ya jimbo la Baridi, Mahakama haitungi sheria. Karani Mize Shomari amevunja kiapo, ataondoka kazini baada ya kuuzima mtambo. Jaji Mbithe alipofika mlangoni alirudi, akaweka kalamu mezani. "Mimi siruhusiwi kutia sahihi karatasi ya hayo majina mia tano," akamwambia Mize. "Lakini hii si ya Mahakama. Ni yangu, kaa nayo." Rweyongeza alikuwa ameshatoka bila kuaga.

Wakabaki wawili.

"Umezeeka vizuri," akasema mama.

"Nimefanana nawe. Wanasema wote."

"Wanakudanganya, umefanana na baba yako. Una watoto?"

"Hapana. Nilikuwa na wewe."

Mize akavuta kiti, akakaa kama anayesubiri kusukwa nywele.

"Mama, kuna kitu nataka kukwambia. Ule uji niliumwaga. Kwenye beseni la mchicha la jirani."

"Najua."

"Utajuaje? Imetokea umeshavaa kofia."

"Tangu lini wewe ukamaliza bakuli zima?" Na wakacheka wote wawili, wakacheka hadi Mize akashika mbavu, na sauti ya kicheko cha mama ilikuwa ile ile, haikupungua kitu. Kama angekata dakika zile tisa, aliwaza, labda kicheko hiki nacho kingekuwa na kovu mahali.

Kicheko kikaisha. "Ukinizima nitasahau," akasema Bi. Arafa.

"Ndiyo."

"Na wakiniamsha nitaanza tena. Kofia, ganzi, uji. Nitampa shikamoo mtu mwingine."

"Ndiyo, mama."

"Basi wasiniamshe. Kwenye hayo marekebisho yenu wekeni na hili, mtunzi akishakufa asiulizwe. Sisi tisa tumeshasema ya kwetu. Waliobaki kuulizwa wako kwenye vile vitanda." Akamtazama. "Usilie. Mimi sitaumia. Kwangu ni alasiri, nimetoka kuonana na mwanangu, basi."

"Mimi nitaumia."

"Wewe utaumia, ndiyo. Njoo karibu." Mize akasogea. "Umeshakula leo?"

Tangu jana mchana hakuwa ametia kitu kinywani. Alijibu ukweli, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuulizwa swali lile. "Bado, mama."

"Nenda kale. Halafu kamwamshe baba yako."

Mize akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Akaiendea kalenda na kuchana tarehe kumi na nne. Chini yake karatasi ilikuwa bado nyeupe, haijaguswa na jua.

Katiba yote ni kurasa kumi na sita, na kifungu cha kumi na moja kiko nyuma kabisa, ambako wengi hawafiki. Mize alinakili maneno yake kwa mkono juu ya karatasi, akaandika ombi chini yake, akatia sahihi yake ya kwanza kwa kalamu ya jaji. Mia nne tisini na tisa zilibaki. Angeweza kuanza kwa ndugu za waliolala, waliokuwa wanamsubiri nje ya Mahakama. Badala yake alipanda lifti kwenda Baridi, akauliza njia mara mbili, akagonga mlango wa bluu.

"Hodi!"

"Karibu," ikajibu sauti ya mwanamke. Mlango ukafunguka, na nyuma ya mwanamke huyo, mezani, alikuwa ameketi Wakili Rweyongeza, mikono ikiwa na tonge. Ovaroli mpya ilikuwa imetupwa juu ya kiti. Macho yake yalikuwa mekundu. Adabu za nyumbani hazingoji mtu ajue la kusema.

"Karibu chakula, mama," akasema. "Umetukuta mezani."

Alikuwa ameshatanguliza karatasi kabla ya kula; angekataa sasa, ingekuwa mara ya pili kwa siku moja kutomtii mama yake. Mize alinawa, akaketi, akala sahani ya kwanza kimya, akaongezwa ya pili. Aliiweka karatasi kando ya bakuli la maji, ikiwa imekunjwa. Rweyongeza aliitazama ilivyo, hakuigusa, hakuiondoa.

"Huyo aliyelala," akauliza mwishowe. "Baba yako. Ni mtu gani?"

Mize akameza. Halafu maneno yakaanza kuja, moja likimsukuma mwenzake mlangoni, kama ambavyo hayakuwahi kuja tangu akiwa na miaka tisa.

"Anaitwa Shomari," akasema. "Ana miaka thelathini na mmoja. Ni fundi bomba, na anapiga miruzi akifanya kazi, na uji haupendi, hilo nimelichukua kwake..."